Wachina wa Kale na Wafu Wetu

Julai 2016 Juba iliwaka moto tena. Mapigano yalidumu siku chache tu, lakini mamia ya watu walikufa. Ndege za abiria zikaacha kuja, na barabara ya Nimule ikajaa watu wanaokimbilia Uganda. Kati ya waliokufa walikuwemo askari wawili kutoka China, wa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Gari lao la kivita lilipigwa kombora tarehe 10, karibu na kambi ya watu waliokimbia makwao. Siku chache baadaye waliagwa, miili yao ikaondoka Juba kwa ndege, na tarehe 20 ikafika Zhengzhou, mji mkuu wa jimbo la Henan.

Mimi nafanya kazi na vijana, wengi wao wametoka Sudan Kusini kama mimi. Kila habari hii ikitajwa, swali ni moja. Mbona wale wawili walirudishwa kwao, na wetu wakabaki walipoangukia? Jibu la haraka kila mtu analijua: wao wana serikali yenye ndege. Hilo ni kweli, wala silipingi. Lakini halijibu swali lote. Kuwa na ndege ni jambo moja, na kuona kwamba lazima mfu arudi ni jambo lingine. Nilitaka kujua hilo la pili limetoka wapi, nikaanza kusoma. Nilichokikuta kimenisaidia kuwajibu vijana vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia.

Ukikaa Uwanja wa Ndege wa Juba kungoja ndege, hukosi kuwaona Wachina. Kampuni ya Kichina, China Harbour, ndiyo iliyopewa kazi ya kuupanua uwanja wenyewe. Wengine ni wa visima vya mafuta, wengine wa barabara, wengine ni madaktari wanaokuja kwa zamu katika hospitali kuu ya Juba. Sisi tunawajua kwa lami na mafuta. Wanamwamini nani, wanamwogopa nani, wanamzika vipi mama yao, hatujui. Maandishi yao tunayaona kwenye malori na mabango, tunayapita tu. Kumbe maandishi hayo yenyewe, yale ya zamani kabisa tuliyo nayo, mengi yaliandikwa kwa ajili ya kuongea na wafu.

Hadithi inaanzia Henan, jimbo lile lile walikopelekwa wale askari. Kaskazini mwa jimbo hilo kuna mji unaoitwa Anyang. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa Beijing, Wang Yirong, alitambua kwamba mifupa ya zamani iliyokuwa ikiuzwa kama dawa, ati "mifupa ya joka", ilikuwa na maandishi. Watu wakafuatilia ilikotoka, wakafika Anyang. Tangu 1928 wataalamu wakaanza kuchimba pale, wakakuta mji mkuu wa mwisho wa wafalme wa Shang, waliotawala hapo mpaka kama mwaka 1046 KK. Vipande vya mifupa vilivyopatikana ni zaidi ya 100,000.

Ile mifupa ni ya ramli. Walichukua mfupa wa bega la ng'ombe, au gamba la tumbo la kobe, wakachonga vishimo vidogo upande wa nyuma. Kisha swali likaulizwa, wakabandika kitu chenye moto kwenye kishimo, mfupa ukapasuka. Mfalme akasoma ufa. Baadaye swali likachongwa pale pale kwenye mfupa, na mara nyingine jibu, na mara nyingine hata kilichotokea kweli.

Na waliuliza nini? Mvua itanyesha? Mavuno yatakuwaje? Twende vitani au tukae? Mfalme Wu Ding, aliyetawala kama miaka 3,200 iliyopita, aliumwa jino, akauliza ni yupi kati ya wazee wake waliokufa anayemtesa. Swali hilo lisikuchekeshe sana. Kwetu pia, mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, kuna bibi atakayeuliza ni nani amesahaulika. Kwa Wachina wa Shang kulikuwa na mungu mkubwa juu, waliyemwita Di, lakini alikuwa mbali mno kwa mtu wa kawaida kumfikia. Waliokuwa karibu ni baba, babu na bibi waliokufa. Ukiwalisha kwa tambiko, wanakusemea. Ukiwasahau, utaumwa jino.

Mwaka 1976 walifukua Anyang kaburi ambalo wezi hawakuwahi kulifikia. Ni la Fu Hao, mmoja wa wake za Wu Ding. Huyu mama alikuwa jemadari. Mfupa mmoja unamtaja akiongoza watu 13,000 vitani. Mifupa mingine inamhangaikia alipokuwa na mimba: atajifungua salama? Mfalme alisema ni vizuri azae siku fulani na fulani. Akazaa siku nyingine, na mwandishi akaandika kwamba haikuwa heri, ni msichana. (Wasichana wa kundi letu walinuna niliposoma hapo. Nikawaambia mama mwenyewe anayezaa ndiye jemadari.) Kaburini mwake mlikuwa na vyombo vya shaba zaidi ya 400, mawe ya jade zaidi ya 700, na simbi karibu 7,000, zile zile simbi ambazo hata Waganda walizitumia kama fedha. Vyombo vingine vimeandikwa jina lake la heshima la baada ya kufa, Mama Xin, na inaaminika waliovitengeneza ni watoto wake.

Lakini tusifie kwa kiasi. Katika kaburi lile la Fu Hao kulikuwa pia na watu 16 waliouawa ili wamsindikize. Na kwenye makaburi ya wafalme wa Shang kuna mashimo mengi yaliyojaa mateka waliochinjwa kama tambiko, wengi hawana vichwa. Mifupa ya ramli inawataja mara nyingi watu wa kabila la Qiang, waliotekwa vitani. Wanahesabiwa kama mbuzi: kumi, thelathini, mia. Majina yao hayamo. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa siku mbili. Maana sisi tuliotoka vitani tunajua, katika hadithi kama hii, nafasi yetu si ya Fu Hao. Nafasi yetu ni ya wale wa shimoni wanaohesabiwa tu. Redio inasema "mamia ya watu walikufa", kama nilivyoandika mimi mwenyewe hapo juu.

Kama mwaka 1046 KK watu wa Zhou, waliotoka magharibi, waliwapiga Shang na kuchukua utawala. Walieleza ushindi wao hivi: Mbingu humpa mfalme idhini ya kutawala, na akitawala vibaya Mbingu humnyang'anya na kumpa mwingine. Wazo hilo lilidumu China karibu miaka 3,000. Lakini mimi nilishikwa na jambo dogo zaidi. Zhou hawakuumaliza ukoo wa Shang. Walimpa mtu wa ukoo ule nchi ndogo iliyoitwa Song, huko huko Henan, ili aendelee kuwatambikia wafalme wa Shang. Hebu fikiria. Adui umemshinda, mji wake umeuchukua, lakini unamwachia mtoto mmoja na kipande cha ardhi ili wafu wake wasife njaa. Sisemi walifanya kwa huruma. Waliogopa. Mfu asiye na wa kumlisha ni hatari kwa kila mtu, hata kwa aliyeshinda.

Hofu hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye hadithi ninayoipenda kuliko zote, na kwa bahati inatokea karibu kabisa na mahali ile miili ilipotua. Uwanja wa ndege wa Zhengzhou unaitwa Xinzheng, kwa jina la mji ulio karibu. Xinzheng ulikuwa zamani mji mkuu wa nchi ndogo ya Zheng. Huko aliishi tajiri mmoja wa ukoo mkubwa, Boyou. Alikuwa mlevi. Alichimba chumba chini ya ardhi, akawa anakunywa humo usiku kucha huku kengele zikipigwa, na watu wakija kwa kazi za serikali hawampati. Mwaka 543 KK maadui zake walimvamia, akauawa sokoni.

Miaka ikapita, mji ukaanza kupata wazimu. Mtu mmoja akipiga kelele "Boyou huyo!" watu wote wanatimua mbio, hawajui hata wanakimbilia wapi. Mmoja akamwota Boyou amevaa mavazi ya vita, akitaja siku atakayomuua adui yake wa kwanza, na siku ya wa pili. Siku ya kwanza ikafika, mtu akafa. Ya pili ikafika, mtu akafa. Mji ukazidi kutetemeka.

Kiongozi wa Zheng wakati ule alikuwa Zichan, mtu mwenye akili sana. Huyu ndiye aliyeandika sheria za nchi yake kwenye vyombo vya shaba mwaka 536 KK ili kila mtu azijue. Sasa Zichan alifanya nini kuhusu mzimu? Hakuita mganga wa kuufunga. Alimchukua mtoto wa Boyou akampa cheo, yaani akamrudishia nafasi ya baba yake ili aweze kumtambikia. Akampa cheo pia mtoto wa mkubwa mwingine aliyeuawa, ili isionekane kwamba ni Boyou peke yake. Hofu ikaisha, mji ukatulia.

Rafiki yake alipouliza, Zichan alieleza kwamba mzimu wenye pa kurejea hauwi mkali, na yeye amempatia Boyou pa kurejea. Ndugu msomaji, angalia vizuri pa kurejea pale ni wapi. Si kaburi, wala si kijiji. Ni mtoto aliyepewa mahali pake katika nchi.

Nilipowasimulia vijana hadithi hii, kijana mmoja wa Kinuer alicheka akasema, "Hiyo si ya China, hiyo ni ya kwetu." Na ana haki. Kwa Wanuer, na kwa Wadinka pia, mwanamume akifa bila mtoto, ndugu yake anaweza kuoa mke kwa jina la marehemu. Ng'ombe wanatolewa, harusi inafanyika, na watoto watakaozaliwa ni wa yule aliyekufa. Wanaitwa kwa jina lake. Mtaalamu Mwingereza, Evans-Pritchard, aliyeishi na Wanuer miaka ya 1930, aliiandika desturi hii, na watu wa vyuoni huiita ndoa ya mzimu. Wasichana wa siku hizi wana maswali mazito juu ya ndoa hiyo, maana mzigo wa mfu unabebwa na mwanamke aliye hai, nami nakubaliana nao. Na kambini nani ana ng'ombe? Lakini wazo lililo chini yake ni lile lile la Zichan. Mfu hapotei maadamu kuna mtoto anayeitwa kwa jina lake na anayejulikana ni wa nani.

Kuna mwingine wa kutufaa, Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 KK. Wengi wetu tumesikia jina tu. Yeye mwenyewe wazee wake walitoka ile nchi ya Song, nchi waliyoachiwa walioshindwa. Familia ilihamia nchi nyingine, Lu. Baba alifariki Confucius akiwa mdogo sana, na inasimuliwa kwamba hakujua kaburi la baba yake liko wapi. Mama alipokufa hakutaka kumzika ovyo. Akauliza, akauliza, mpaka mama mmoja mzee akamwonyesha kaburi la baba, na ndipo akawazika wazazi wake pamoja.

Halafu akafanya jambo ambalo watu wa zamani hawakulifanya. Makaburi ya kale hayakuwa na kichuguu juu. Yeye akarundika udongo, na sababu aliyoitoa ni kwamba yeye ni mtu wa kutangatanga, leo mashariki kesho magharibi, kwa hiyo lazima aweke alama. Mvua ikanyesha, kichuguu kikaporomoka. Wanafunzi wake walipomwambia, alilia. Mimi nimekulia Kakuma, na nimeona makaburi ya udongo baada ya mvua ya ghafla ya Turkana. Sihitaji kuelezwa kwa nini alilia.

Na kama mwili wenyewe haupo? Hilo nalo waliliwaza. China kuna desturi ya kuzika nguo na kofia za mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Wameitia hata kwenye hadithi ya Huangdi, yule Mfalme wa Manjano wanayemhesabu kuwa babu wa Wachina wote. Inasemwa kwao ni pale pale Xinzheng. Hadithi inasema alipanda mbinguni juu ya joka. Sasa kama alipanda, kaburi lake lina nini? Mfalme mmoja wa baadaye aliuliza hivyo hivyo, akajibiwa kwamba ndani ni nguo zake na kofia yake. Pia familia ziliweka nyumbani kibao cha mti chenye jina la marehemu, na mbele yake wakaweka chakula na ubani. Kaburi halihamishiki, lakini kibao kinabebeka.

Tena tusidhani kila Mchina aliyefia Afrika alirudishwa. Reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilijengwa miaka ya 1970, na Wachina wengi walikufa wakiijenga. Nje kidogo ya Dar es Salaam, Gongo la Mboto, kuna makaburi yao, zaidi ya 60, kila moja na jina. Kwa Wachina kuna siku ya kufagia makaburi, Qingming, tarehe 4 au 5 Aprili. Kila inapokaribia, watu wa ubalozi na Wachina wanaoishi pale huenda kuweka maua. Viongozi wakubwa wa China nao wamefika. Wale hawajarudi nyumbani kwa miaka hamsini, lakini huwezi kusema wamesahauliwa.

Sasa narudi kwa swali la vijana. Siku hizi serikali ya China ni ya chama ambacho rasmi hakina dini, na wale askari walizikwa kama mashujaa wa nchi. Lakini ukimya wa watu kwenye ule uwanja wa Zhengzhou, na familia zilizokuwa zikingoja, ni wa zamani kuliko chama. Kule walijifunza tangu mwanzo kwamba kifo cha mbali ni deni, na deni linalipwa kwa njia zaidi ya moja: kwa mwili, kwa nguo, kwa jina juu ya kibao, kwa mtu anayekuja na fagio. Kurudisha mwili ni njia mojawapo tu. Sisi njia hiyo tumefungiwa. Nyingine hazijafungwa.

Najua kuna watakaosema hizi ni imani za kipagani, na kanisa limetutoa huko. Mimi pia ni wa kanisa na sitambikii mtu. Hata Confucius, alipoulizwa habari za kuhudumia mizimu, alirudisha swali kwa watu walio hai. Sisemi tumchome kobe tumuulize babu. Nasema mtoto asiyeweza kutaja jina la babu yake wala mahali alipofia hajaokolewa na upagani. Amenyang'anywa tu.

Kwa hiyo kwenye kundi letu tumeanza daftari. Kila kijana anaandika jina la mtu wake aliyekufa, jina lote pamoja na la baba na la babu, amefia wapi, nani alikuwepo, na alama gani ipo kama ipo. Wengine wana mstari mmoja tu: "Mjomba, njiani." Tunamwambia akaulize. Wanaojua mara nyingi ni akina mama wazee, kama ilivyokuwa kwa Confucius. Wengine wamerudi na majina sita ya ukoo ambayo hawakuwahi kuyasikia.

Lakini daftari halitoshi, na hapa Zichan anatubana. Yeye hakuandika jina la Boyou akaishia hapo. Alimpa mtoto mahali. Mahali kwa mtoto wetu ni dawati shuleni, ni karatasi zenye jina lake lililoandikwa sawasawa, ni kazi, na siku moja ni kipande cha ardhi ambacho hakuna wa kumfukuza. Wanaotawala, kule na huku tulikokimbilia, wakitaka mizimu ya 2013 na ya 2016 itulie, wasianze na mnara wa kumbukumbu. Waanze na watoto waliobaki.

Nanyi wazee wetu mnaosoma hapa, nina ombi moja. Kijana akija na daftari na kalamu kuuliza nani alifia wapi, msimwambie, "Achana na hayo, yanaumiza." Tunajua yanaumiza. Mpeni kiti akae, mtajieni majina polepole, na mhakikishe ameyaandika bila kukosea herufi.